Roboti ya kupanga mifuko: skana ya leza, pazia la mwanga au kamera ya ishara za mkono?

Kinu_Kikuu: Wakuu, salaam. Tunafunga roboti ya kupanga mifuko ya unga kwenye paleti. Mikono ya opereta imejaa unga muda wote, hatutaki awe anagusa vitufe. Bosi anataka kamera inayosoma ishara za mkono, muuzaji anang'ang'ania skana ya leza (inachunguza eneo na kusimamisha roboti mtu akiingia), fundi wetu anasema pazia la mwanga (miali kati ya nguzo mbili, mtu akiikata roboti inasimama). Naagiza Ijumaa. Ipi?

FeziTatu: Mkuu, hujasema kitu bado. Mfuko kilo ngapi? Roboti yenye mzigo, kasi kamili, inachukua muda gani kusimama? Paleti inatolewa na nini? Nafasi mita ngapi?

Kinu_Kikuu: Mfuko kilo 25, kishikio kilo 9. Kusimama sekunde 0.5, kitabu kinavyosema. Paleti kwa toroli la mkono. Kutoka roboti inapofika hadi njia ya watu ni mita 1.5.

FeziTatu: Skana ya kulala, inayochunguza sambamba na sakafu, haikai hapo. Kwa ISO 13855, kiwango cha umbali wa usalama, mtu anahesabiwa mm 1600 kwa sekunde. Muda wa kuitikia: skana sekunde 0.08, rilei (swichi ya usalama) 0.02, roboti 0.5: jumla 0.6, yaani mm 960. Ukiifunga mm 300 kutoka sakafuni unaongeza 1200 − (0.4 × 300) = 1080. Unahitaji mm 2040, wewe una 1500.
Pazia linaloona kitu cha kuanzia mm 30, lenye jumla ya muda sekunde 0.55: 0.55 × 1600 = 880, ongeza 8 × (30 − 14) = 128, inakuwa 1008. Linaingia. Ila mtu akishalivuka halimwoni tena, kwa hiyo kitufe cha kuriseti, kinachoruhusu roboti ianze tena, kiwe nje, pasipofikika kutoka ndani, na anayekibonyeza aone seli (eneo la roboti) yote. Na hiyo 0.5 ipimeni, msiamini kitabu.

Kobot_Tu: Mnajitesa. Chukua kobot, roboti ya kufanya kazi bega kwa bega na watu, hakuna uzio wala pazia.

FeziTatu: 25 + 9 ni 34. Kobot ya kilo 30 haibebi. Na ingebeba, kanuni za kobot za ISO/TS 15066, ambazo 2025 ziliingizwa kwenye ISO 10218-2, zinaangalia nguvu ya kugonga mwili, mzigo ukiwemo.

Mama_PLC: Kuhusu kamera. Kuna seli moja ilifungwa kamera ya kina (inapima umbali kwa nukta za infraredi): kiganja wazi ni "simama", dole gumba juu ni "endelea". Asubuhi safi. Saa sita jua likapenya kwenye bati la kioo, mwanga wake ukameza nukta za infraredi, picha ikajaa matundu. Opereta anavuta plastiki iliyonasa, ngumi kifuani, kamera ikasoma dole gumba. Roboti ikaondoka. Kosa halikuwa jua: "endelea" ilikuwa imeunganishwa kwenye riseti ya usalama kupitia PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo) ya kawaida, isiyo ya usalama. Ishara ya mkono iombe paleti mpya au kupunguza kasi tu, ishikiliwe sekunde 1, taa ijibu kwanza. Kusimamisha na kuriseti ni kazi ya saketi ya usalama, na kitufe chekundu cha dharura hakiondoki.

Rada60: Mbona hamtaji rada ya usalama ya GHz 60? Vumbi haliisumbui, na inamhisi hata aliyetulia anayepumua tu. Weka ndani, nyuma ya pazia, izuie roboti kuwashwa upya mtu akiwa humo.

Mama_PLC: Vizuri, ila feni au plastiki inayopepea ikiwa ndani ya eneo lake itasimamisha kila saa.

Kobot_Tu: Na vumbi la unga linalipuka. Vifaa ni vya zoni 22, yaani vinaruhusiwa penye vumbi linaloweza kulipuka?

Kinu_Kikuu: Hilo niulize kwanza. Halafu, toroli likipita kwenye pazia, roboti si itasimama kila paleti?

FeziTatu: Itasimama. Ndiyo maana nilikuuliza paleti inatolewa na nini.