Mlingoti (mkaratusi) umeinamia nyumba, naweza kuuangusha mwenyewe kwa chenso ya kuazima?

Mpanda_Mbegu (Mafinga)

Wakuu habari za jioni. Nina mlingoti nyuma ya nyumba, mzingo wake usawa wa kifua ni sentimita 140, urefu kama mita 20. Umesimama mita 9 kutoka ukutani na umelala upande wa nyumba. Nikiangalia kwa timazi naona kilele kimetoka nje ya shina kama mita 3. Kulia kwake unapita waya wa umeme unaoingia nyumbani. Jirani ana chenso ya baa (ule upanga unaozungukwa na cheni) ya inchi 18, yuko tayari kuniazima. Mpango ni kufunga kamba juu, vijana wanne wavute kuelekea shambani, mimi nikate. Nikate mdomo (ule mkato wa pembe upande wa maangukio) kina gani, na kamba ifungwe wapi? Upande wa chini wa shamba ipo mingine mitatu iliyonyooka, iko mbali na kila kitu, nayo nataka kuitoa.

Fundi_Magogo

Mkuu, hiyo mitatu ya shambani tutaijadili. Huu wa nyumbani usiuguse, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Mzingo wa sentimita 140 ni kipenyo cha karibu sentimita 45. Shina la kipenyo hicho, urefu mita 20, linabeba takriban mita za ujazo 1.3. Mlingoti mbichi una uzito wa karibu tani moja kwa mita moja ya ujazo, na mara nyingi huzidi. Kwa hiyo hapo juu una tani moja na robo na ushee, matawi hayajahesabiwa. Uzito wote huo umeshaamua uende wapi, nao unaenda kwenye bati lako.

Sasa kabari. Ukishakata mdomo na kuacha bawaba, yaani ukanda wa mbao usiokatwa unaouongoza mti ukianguka, kutoka bawaba hadi mgongo wa mti zinabaki kama sentimita 30. Ukigonga kabari yenye unene wa sentimita 2.5 ikaingia yote, kilele kinasogea 20 × 2.5 ÷ 30, yaani mita 1.7 hivi. Wewe una mita 3. Hata ukipachika kabari mbili, moja juu ya nyingine, unagombana na mti unaokandamiza cheni yako huku ukizidi kuipunguza bawaba. Bawaba ikikatika kabla mti haujavuka katikati, hakuna tena kitu kinachouongoza.

Vijana wanne na kamba hawabadilishi hesabu hiyo. Kamba ya nailoni inanyooka kama mpira, vijana wanavuta wanadhani mti unakuja kumbe ni kamba tu inarefuka, upepo ukisukuma kidogo mti unarudi nao. Ya katani iliyokaa ghalani imeshachoka, na fundo lenyewe linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya kamba. Kisha hao vijana wamesimama wapi? Wakiwa mbele ya mti kwa kamba ya mita 15, mti wa mita 20 unawafikia.

Mti kama huo huteremshwa kwa vipande kutoka juu. Anapanda mtu mwenye mkanda wa kupandia na kamba mbili, matawi na vipande vya shina vinashushwa kwa kamba, kimoja kimoja. Ni kazi ya kulipia. Na kabla yake TANESCO (shirika la umeme) wazime na kushusha huo waya. Msiseme "ni ya nyumbani tu, volti 230". Mti mbichi umejaa maji, tawi likigusa waya, shina na chenso na wewe mnakuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Msumeno_Mkali

Naunga mkono. Niongeze hatari ambayo watu wa milingoti wanaijua lakini hawaisemi: mti ulioegama mbele ukikatwa pole pole kutoka nyuma hupasuka wima. Mlingoti una nyuzi zilizonyooka, na ule mvutano wa mgongoni ukizidi, shina linachanika kwenda juu mita mbili, tatu hata tano, nusu ya nyuma inaruka kwenda nyuma na juu, usawa wa kifua na kidevu cha mkataji. Inatokea ghafla, hakuna muda wa kukimbia. Kwa hiyo hata mtu asikushauri "basi uache uanguke upande unaotaka wenyewe". Kukata mti ulioegama kunahitaji kuchoma baa (kuiingiza kwa ncha) katikati ya shina nyuma ya bawaba, kuacha mkanda wa mbao mgongoni, kisha kuukata huo mkanda mwisho. Kuchoma baa kunaanza na sehemu ya chini ya ncha. Ukianza na ya juu, chenso inakurudia usoni. Hilo halifunzwi kwa maandishi.

Haya, ile mitatu iliyonyooka. Kwanza ujue urefu wa kweli. Chukua kijiti chenye urefu sawa na mkono wako kutoka jicho hadi ngumi, kishike wima mkono ukiwa umenyooka, rudi nyuma kwenye ardhi tambarare hadi ncha ya chini iguse kitako cha mti na ya juu iguse kilele. Umbali kutoka hapo hadi kwenye mti ndio urefu wake. Mara mbili ya umbali huo pande zote ni eneo ambalo hakuna mtu wala mbuzi, isipokuwa mkataji.

Zungusha macho juu: tawi kavu lililoning'inia, au matawi yaliyofungamana na mti wa jirani. Piga shina kwa mgongo wa shoka kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Likilia kama ngoma, ndani kuna uozo au mchwa na bawaba haitakuwepo, achana nalo. Kukiwa na upepo unaotikisa vilele, ahirisha.

Fyeka njia mbili za kukimbilia, moja kushoto na moja kulia, zote zikielekea nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45 kutoka upande wa pili wa maangukio. Usikimbie moja kwa moja nyuma ya mti, kitako kikiruka ndiko kinakoenda.

Mdomo unakaa upande wa maangukio. Mkato wa juu kwanza, ukishuka kwa mshazari, halafu wa chini kwenda kuukuta, uwazi wa mdomo uwe karibu nyuzi 70. Kina ni robo au moja ya tano ya kipenyo. Kama ina kipenyo cha sentimita 45, ni sentimita 9 hadi 11. Mikato hiyo ikutane kwenye mstari mmoja, usiupite hata sentimita moja. Ukiupita, mdomo unajifunga mapema, na mti unavunja bawaba ukiwa bado uko juu au unapasuka.

Kisha mkato wa nyuma, usawa wa kona ya mdomo au sentimita 2 hadi 3 juu yake, kamwe chini yake. Acha bawaba yenye unene wa sentimita 4.5 upana wote, sawa kushoto na kulia. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaona mti hauendi wanaendelea kukata hadi upande wa pili. Mti ukikatwa wote hauna usukani. Baa ikishazama kiasi cha kutoshea kabari nyuma yake, pachika kabari ya plastiki au ya mti mgumu. Ya chuma cheni ikiigusa, meno yamekwisha. Mti usipoondoka, gonga kabari, usiongeze kukata.

Ukianza kuondoka toa chenso. Ikibana iache hapo hapo, bei yake si ya mguu. Nenda mita 5 au zaidi ukiangalia juu, subiri matawi yaishe kudondoka.

Mpanda_Mbegu (Mafinga)

Asanteni sana wakuu, wa nyumbani nimeuacha. Je, naweza angalau kupanda ngazi nipunguze matawi yanayogusa bati, wakati nasubiri hao TANESCO?

Dada_Usalama

Hapana kaka. Ngazi na chenso havikai pamoja. Chenso inashikwa mikono miwili, ngazi nayo inataka mkono. Tawi likikatika, kitako chake kinapiga ngazi au linaruka na kuivuta. Na kukata juu ya bega ndiyo nafasi mbaya kuliko zote kwa chenso kurudi.

Ncha ya baa, robo yake ya juu, ikigusa mbao, cheni inakwama nukta moja na nguvu yote ya injini inaigeuza chenso juu na nyuma kuelekea uso na bega la kushoto, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuiwahi. Breki ya cheni, ile ngao mbele ya mkono wa kushoto, inasaidia tu ikiwa inafanya kazi na kidole gumba cha kushoto kimezungushwa chini ya mpini. Watu wengi huweka gumba juu pamoja na vidole vingine. Mkono wa kushoto uwe umenyooka, mwili usiwe kwenye mstari mmoja na baa.

Mavazi: suruali ya chenso ina tabaka za nyuzi ndefu ndani, cheni ikizigusa zinachomoka na kujisokota kwenye sproketi, injini inakufa. Jinzi au ovaroli haifanyi hivyo, inaingia tu kwenye cheni pamoja na paja. Gambuti za kawaida hazizuii kitu. Helmeti, kizuia sauti, wavu wa uso, buti yenye chuma kwenye vidole. Usipokuwa na suruali hiyo, hata ile mitatu mwachie mwenye nayo.

Spea_na_Oili

Chenso ya kuazima ikaguliwe kabla ya kuwashwa. Ngao ya breki: sukuma mbele, ikishaingia cheni isisogee kwa mkono. Pale chini ya baa nyuma kuna kishikio kidogo cha kunasa cheni ikikatika, kisipokuwepo rudisha. Sailensa, yaani mwendo wa injini ikiwaka bila kubonyezwa mafuta: hapo cheni isimame kabisa. Ikizunguka, sailensa iko juu au springi za klachi zimechoka, na hiyo ndiyo inayokata watu wakihama kutoka mti hadi mti.

Cheni ikae vizuri kwenye baa, ukiivuta juu isitoke kwenye mfereji lakini izunguke kwa mkono. Ikitoa unga badala ya vipande ni butu, utaanza kuisukuma na kusukuma ndiko kunakoleta ajali. Tupa la milimita 4.8 kwa cheni ya pichi ya inchi .325, la milimita 5.2 kwa ya inchi 3/8 kubwa. Yale meno mafupi ya kupima kina yanakaa kama milimita 0.65 chini ya jino la kukata. Mafundi wa kupasua mbao huyasaga karibu yote ili "ile haraka". Kataa cheni ya hivyo, inauma kupita kiasi na inarudi kirahisi.

Petroli changanya na oili ya 2T, mililita 20 kwa lita kama kitabu kinasema 50:1. Zipo zinazotaka 25:1, hapo ni mililita 40. Oili chafu ya gari kwenye baa acha, ina chembe za chuma zinazoua pampu, na inakurukia ngozini siku nzima. Jaza mafuta injini ikiwa imepoa, sogea mita 3 ndiyo uwashe. Washia chini, breki imefungwa, buti ndani ya mpini wa nyuma. Kuiangusha hewani huku unavuta kamba ni kuomba kukatwa goti.

Pwani_Kwetu (Tanga)

Anayesoma hii akiwa na mnazi asichukue vipimo vya bawaba hapo juu. Mnazi una ugumu nje na ulaini katikati, bawaba yake haishiki kama ya mlingoti, na cheni inakuwa butu mapema. Karibu na nyumba, mkwezi aushushe kwa vipande.

Dada_Usalama

Kitu kimoja kuhusu mti ukishalala, maana wengi huumia hapo. Tawi lililokunjwa chini ya shina lina mvutano. Kata kwanza upande uliobanwa, kidogo, theluthi moja, kisha maliza upande uliovutwa, nawe usimame nje ya njia litakapochomokea. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa gogo. Mti ukining'inia kwenye mwingine usipite chini yake, usiukate ule ulioubeba. Uvutwe kitako kwa winchi ya mkono kutoka mbali.

Kuwe na mtu wa pili anayeonekana, nje ya eneo la maangukio, mwenye simu yenye chaji na kanga safi. Mtu akikatwa, kandamiza kwa nguvu bila kufunua kuangalia. Damu ikiruka kwa mapigo mguuni au mkononi, funga kitambaa cha upana wa sentimita 5, si kamba wala waya, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha na si kwenye kiungo, zungusha kwa kijiti hadi damu isimame, andika saa, usilegeze hadi hospitali.

Fundi_Magogo

Na ukimtafuta wa kupanda, muulize vipande atavishusha kwa kamba ipi na atakuwa na wasaidizi wangapi chini. Akijibu "tunaangusha tu upande ule" huku anaonyesha kidole shambani, tafuta mwingine. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa bati likivunjika, na magogo yakitoka kijijini yatahitaji TP (hati ya kusafirisha mazao ya misitu), kaulize ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya kabla hujayauza.