Tupeane uzoefu: Kununua gari-nyumba jipya ukiwa mgeni mkazi Hispania

BintiPangani, Alicante (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi na mume wangu tunaishi mkoa wa Alicante na watoto wawili. Wakwe zangu wako Galicia, pembe ile nyingine kabisa ya nchi, na kila Agosti hoteli za njiani peke yake zinatumaliza. Tumeamua kununua gari-nyumba, na liwe jipya, kwa sababu mume wangu hataki kurithi unyevu wa mtu mwingine ndani ya kuta. Tuliloliona ni lile umbo la perfilada, ambalo paa halitokezi juu ya dereva, urefu mita saba, limejengwa juu ya Fiat Ducato, lina vitanda vinne. Bei iliyobandikwa kiooni inakaribia euro 75,000.

Muuzaji anataka tulipe señal, malipo ya awali, wiki hii ili atushikie. Nimemwambia mume wangu tusubiri, kwanza niwaulize ndugu zangu. Waingereza wa huku wameandika mengi sana, lakini mengi yanamhusu mwenye pasi yao. Sisi wa Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi tuna mambo yetu: leseni, kadi ya ukaazi, benki. Aliyenunua atueleze ilikuwaje kwake, hatua kwa hatua, hata kama ni refu. Nitasoma yote.

BiMkubwa wa Denia

Waalaykum salaam mwanangu. Mie mzaliwa wa Unguja, nimefanya kazi Uingereza maisha yangu yote, tumestaafia huku mimi na mzee. Letu tulilinunua jipya kwenye yadi ya mkoa wa Castellón, mkoa huohuo ambako Benimar wanayaunda, pale Peñíscola.

Nianze na karatasi, maana bila hizo hata pesa ya taslimu haikusaidii. Unahitaji NIE, namba ya utambulisho ya mgeni, na unahitaji padrón, hati ya kuandikishwa kwenye manispaa unayoishi, iwe ya karibuni. Anwani ya padrón ndiyo inayokwenda kwenye kadi ya gari, na manispaa hiyohiyo ndiyo itakayokutoza ushuru wa gari kila mwaka. Anwani ya TIE yako, kadi ya ukaazi, ikiwa bado ile ya nyumba ya zamani, irekebishe kwanza. Kazi ya kusajili tuliiachia gestoría, ofisi ya kukushughulikia makaratasi kwa malipo. Wapo wanaojifanyia wenyewe Tráfico, ofisi ya serikali ya magari, lakini kupata miadi ni shughuli, na ada ya gestoría si kitu mbele ya bei ya gari.

La pili ni hiyo bei ya kiooni. Muulize muuzaji: hii ni llave en mano, yaani kila kitu kimo, au bado? IVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 21. Juu yake kuna kodi ya usajili wa kwanza inayofuata moshi wa gari. Gramu 120 za kaboni kwa kilomita kushuka chini hulipi kitu. Ukivuka hapo ni asilimia 4.75, kuanzia 160 ni 9.75, kuanzia 200 ni 14.75, na mikoa mingine imejiongezea juu ya hapo. Gari-nyumba la dizeli ni zito na lina kifua kipana, basi usitarajie kuwa kwenye vile vidaraja vya chini. Ni maelfu ya euro hayo. Yadi moja ilitupa bei nzuri mno kumbe kodi hiyo haimo, na nyingine iliyoonekana ghali ilikuwa imeshaiweka. Tulipozipanga karatasi mbili mezani, ile "ghali" ndiyo iliyokuwa nafuu.

Otieno_Zaragoza

Dada, shukrani kwa kuanzisha hii. Mimi nitaongea kuhusu leseni, kwa sababu hapo ndipo Mkenya au Mtanzania anakwama.

Leseni ya kwetu unaruhusiwa kuitumia miezi sita tu tangu upate ukaazi. Baada ya hapo ni kama huna leseni, hata kama umeendesha matatu ya Thika Road miaka kumi. Hispania ina mkataba wa kubadilishana leseni na nchi kadhaa, Morocco ikiwemo, na Waingereza walipata wao Machi 2023. Kenya na Tanzania hatumo. Kwa hivyo ni kwenda autoescuela, shule ya udereva, na kuanza upya: mtihani wa maswali 30, makosa yasizidi matatu, kisha barabarani na mtahini. Ule wa maswali unaweza kuufanya kwa Kiingereza au Kifaransa, na hilo lilinisaidia sana. Barabarani utaelekezwa kwa Kihispania, kwa hivyo zoea maneno ya mzunguko, kushoto, kulia na egesha mpaka yakutoke usingizini.

Bima nayo inaulizia leseni ya Hispania ina umri gani. Yangu ilikuwa mpya, nikatozwa kama kijana wa miaka 18 nikiwa baba wa watoto watatu. Niliumia, kusema kweli. Ulizia bima kabla hujasaini mkataba wa gari, si baada.

Kumbuka pia leseni ya B, ile ya kawaida ya gari dogo, inaishia kilo 3,500. Si uzito wa gari likiwa tupu, ni ule wa juu kabisa ulioandikwa kwenye ficha técnica, karatasi ya vipimo vya gari. Ukizidi hapo unahitaji C1, leseni ya malori madogo.

MamaZawadi, Valencia

Otieno ameligusa na mimi nataka nikae hapohapo, kwa sababu uzito ndio mambo yote ya gari hili. Rangi, jiko, televisheni ni vya baadaye.

Mimi ni wa Bukavu, ni nesi hapa Valencia. Gari tulilolichagua karatasi zake zilisema linaruhusiwa kilo 3,500, na likiwa tayari kwa safari lina 3,010. Mume wangu akafurahi, kilo 490 za kujazia! Nikachukua kalamu. Ile 3,010 inamhesabu dereva kwa kilo 75, dizeli, gesi na maji kidogo tu, kwa kawaida lita 20. Sisi ni wanne, kwa hiyo abiria watatu kwa 75 ni 225. Zimebaki 265. Tangi la maji ni lita 100, ukilijaza unaongeza 80. Zimebaki 185. Muuzaji alikuwa anatusukumia "paketi": kivuli cha kukunjua kilo 30, betri ya pili 20. Zimebaki 135. Keria ya nyuma na baiskeli tatu, 50. Zimebaki 85, na bado hatujaweka shati, sufuria, gunia la unga, viti vya nje wala mtungi wa pili wa gesi.

Sasa sikilizeni vizuri: sheria ya Ulaya inamruhusu mtengenezaji atofautiane na uzito alioandika kwa asilimia tano juu au chini. Asilimia tano ya 3,010 ni kilo 150. Yaani zile 85 zinaweza kuwa hazipo kabisa na mtengenezaji hajavunja sheria.

Nilichofanya ni kumwambia muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba gari litapimwa mbele yetu kabla ya malipo ya mwisho. Alisitasita, akakubali. Siku ya kuchukua tukaenda kwenye mizani ya malori, báscula, wanakopima shehena za machungwa. Tukalipandisha taratibu, mhudumu akachungulia dirishani, akatupa risiti ndogo: lilizidi karatasi kwa kama kilo 45. Nikaifuta ile betri ya pili palepale na hela yake ikarudi. Kivuli tulikibakisha kwa sababu ya jua la huku. Tangi la maji tunasafiri nalo robo, tunajaza tukifika. Trafiki wanapima kweli barabarani, na likitokea la kutokea, bima itauliza uzito.

BintiPangani (mwanzisha mada)

Dada MamaZawadi, nimekaa na mume wangu tumefanya hesabu hiyohiyo. La kwetu linasema 3,040. Na muuzaji ametuwekea ndoano ya kuvuta tela kama "zawadi". Asante sana, nimenyamaza kabisa.

Je, mtu akipandisha daraja la uzito mpaka tani nne na kitu, si matatizo yanaisha?

Otieno_Zaragoza

Yanahama tu. Utahitaji C1, na hapo kuna vipimo na mitihani mingine. Mwendo unashuka: gari-nyumba lisilozidi 3,500 linaruhusiwa kilomita 120 kwa saa kwenye autovía, barabara kuu, na 90 barabara za kawaida, likizidi ni 90 na 80. Alicante mpaka Galicia kwa 90 na watoto nyuma, fikirieni wenyewe. Jirani yangu Mholanzi anayo ya aina hiyo na anaipenda, lakini amestaafu, hana haraka ya Jumatatu.

Kijana wa Bilbao

Mimi nilinunua jipya Ujerumani nikalileta. Nitaeleza pande zote mbili.

Bei ilikuwa chini na modeli zilikuwepo yadini. Kikodi, Ulaya gari linahesabiwa jipya likiwa na umri usiozidi miezi sita au limetembea kilomita zisizozidi 6,000. Gari la namna hiyo IVA inalipwa kule linakosajiliwa. Kwa hiyo usikubali kulipa kodi ya Ujerumani ukidhani umemaliza. Ya Hispania itakusubiri. Nililipa bei bila kodi, nikapata pleti za kusafirishia nje na bima yake ya muda, nikaendesha mpaka nyumbani. Huku nikajaza fomu 309 ya IVA na 576 ya ile kodi ya moshi aliyoitaja BiMkubwa (shikamoo mama), nikapeleka cheti cha ulinganifu, COC, ITV, kituo cha ukaguzi wa magari, wakalikagua na kutoa ficha técnica, ndipo Tráfico wakanipa namba. Mkazi hana ruhusa ya kuzunguka na pleti za kigeni kadiri apendavyo. Siku 30 ndizo za kuanza kusajili.

Upande wa pili ni gwaranti. Kwa karatasi ni ya Ulaya nzima. Dirisha la paa lilipoanza kuvuja mwezi wa kwanza wa mvua za huku Bizkaia, na mnazijua, yadi ya karibu yenye chapa hiyohiyo ilinipanga nyuma ya wateja wao wote. Kisheria sawa, ila nilingoja mpaka kiangazi huku nimebandika plastiki juu. Nilichookoa kilikuwa pesa ya maana, sikatai. Lakini kama una watoto na likizo moja kwa mwaka, mimi ningekwambia nunua pale unapoweza kurudi kugonga mlango.

FundiHamisi, Málaga

Nafanya kazi karakana, naongeza fupi. Kwa aliyenunua kwa muuzaji wa Hispania, gwaranti ya kisheria ya kitu kipya ni miaka mitatu tangu 2022. Ile ya kuta kutoingiza maji ni ya mtengenezaji, huwa ndefu zaidi, lakini ina sharti la kupimwa unyevu kila mwaka na kugongwa muhuri. Ukiruka mwaka mmoja umeipoteza. Wateja wengi wanakuja wakiwa wameshachelewa, siwezi tena kuwasaidia.

Halafu dada, hiyo ndoano ya tela, na kivuli pia, viwe vimeandikwa kwenye ficha técnica siku unapokabidhiwa. Vikiwekwa baadaye huenda ukalazimika kwenda ITV kuvihalalisha. Bila hivyo, ukaguzi wa kwanza ukifika, mwaka wa nne, unaweza kurudishwa.

Mwalimu wa Almería

Sijaona aliyegusia pa kuliweka. Sisi tunaishi kwenye nyumba za pamoja zenye bwawa, na kanuni za comunidad, umoja wa wenye nyumba, zinakataza magari makubwa ndani. Tulisoma kanuni hizo kabla ya kununua, tukakodi nafasi yenye uzio nje ya mji. Hiyo ni kodi ya kila mwezi, iwekeni kwenye hesabu pamoja na mkopo. Na kama ni mkopo, ulizeni kama una reserva de dominio, kifungo cha mkopeshaji juu ya gari; kikiwepo huwezi kuliuza mpaka deni liishe na kifungo kifutwe kwenye daftari la serikali.

Kulala barabarani kunaruhusiwa mradi gari limeegeshwa tu: magurudumu chini, hakuna kiti nje, hakuna kivuli kilichofunguliwa, hakuna tone la maji linalomwagika. Ukitoa meza tayari umepiga kambi, na faini inakuja. Ufukweni ni marufuku kwa sheria ya pwani. Cabo de Gata hapa kwetu walinzi wanapita alfajiri na kugonga kila dirisha.

Gesi nayo: mtungi wa rangi ya chungwa wa kilo 12.5 ni butane, inafaa pwani. Mkipanda milima ya Galicia au León majira ya baridi, kwenye nyuzi sifuri butane inagoma na watoto wanalala bila hita. Chukueni propane ya kilo 11.

BintiPangani (mwanzisha mada)

Nimempigia muuzaji leo. Nimemwambia señal ataipata akiandika mambo matatu: bei yenye kodi zote, kupimwa kwenye báscula kabla ya malipo ya mwisho, na ndoano ya tela iondolewe, aipunguze kwenye bei. Mawili ya kwanza amekubali. La ndoano anasema atauliza kiwandani. Jumamosi tunarudi tena na watoto kulitazama.

BiMkubwa wa Denia

Vyema sana mwanangu. Jumamosi hiyo msilitazame kwa kusimama mlangoni. Ingieni wote wanne, mfunge mlango, mkae saa nzima. Kila mtu apande kitanda chake alale. Kisha mume wako ajaribu kwenda msalani nyinyi mmelala, aone kama lazima amruke mtoto. Fungua friji huku jiko limefunikwa na huku limefunuliwa. Chomoa kaseti ya choo kwa mkono wako mwenyewe, maana utakayeimwaga ni wewe. Pima mlango wa gereji ya nyuma kwa utepe, na baiskeli za watoto mzipime nyumbani kabla ya kutoka. Sie tulikataa gari zuri kabisa kwa sababu ya kitanda kile cha kushuka darini: kikishushwa, mlango wa kutokea unazibwa nusu, na mzee wangu goti lake halipendi kuinama usiku. Muuzaji akinuna, mwache anune.