Sindano ya Botox kwa mchaniko sugu wa njia ya haja kubwa

Swali
Habari zenu wapendwa. Tangu nijifungue mtoto wangu wa pili nina mchaniko katika njia ya haja kubwa, na kila nikitoka chooni maumivu ya kuchoma hunikaa kwa saa kadhaa, hata sasa naogopa kula. Dawa ya kupaka ya nitrogliserini iliniumiza kichwa mno nikaiacha. Daktari wa upasuaji amenieleza njia mbili: kukatwa sehemu ya msuli, au kuchomwa sindano ya Botox. Je, sindano hiyo inafaa kwa mwanamke aliyejifungua kwa njia ya kawaida?

Jibu la 1
Pole sana, dada. Kinachozuia kidonda kupona ni msuli wa ndani unaoifunga njia hiyo: kwa maumivu hujikaza bila hiari yako, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na choo kigumu kinachofuata hukichana upya. Botox huulegeza kwa takriban miezi 3, kidonda kikapata nafasi ya kujifunga. Upasuaji huponya wagonjwa wengi zaidi, na baadhi ya waliochomwa sindano hurudiwa na tatizo. Lakini msuli ukishakatwa umekatwa, na kwa mama ambaye huenda msuli wake ulijeruhiwa wakati wa kujifungua pasipo yeye kujua, kushindwa kuzuia hewa au choo ni jambo zito mno. Kwa hali yako ningeanza na sindano. Nayo yaweza kukufanya ushindwe kuzuia hewa kwa wiki kadhaa, ila hali hiyo kwa kawaida huisha nguvu ya dawa inapokwisha. Mweleze daktari kama una mimba, unanyonyesha, au una ugonjwa wa udhaifu wa misuli.

Jibu la 2
Mimi nilichomwa, na nafuu ilikuja taratibu. Tafadhali usiache kulainisha choo kwa sababu tu maumivu yamepungua: maji ya kutosha, mboga za majani, papai, na laktulosi ukiandikiwa. Kukalia beseni la maji ya vuguvugu baada ya choo kulinisaidia sana.

Jibu la 3
Kabla ya sindano, muulize daktari kuhusu dawa ya kupaka ya diltiazemu, ambayo haiumizi kichwa kama ile ya kwanza. Pia mchaniko wa kawaida huwa kwenye mstari wa katikati, mara nyingi upande wa nyuma. Mchaniko ukiwa ubavuni, au vidonda vikiwa vingi, achunguze kwanza kifua kikuu, kaswende, VVU na ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo).