Kalenda ya "Wazaliwa wa Shanty Town" ni uongo mtupu, na wameweka jina langu

Habari za jioni wanajukwaa. Walionizidi umri shikamooni. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Moshi, upande wa Njoro. Si mzoefu wa kuanzisha nyuzi, kwa hiyo mtanivumilia ikiwa ndefu. Nimekaa na jambo hili wiki tatu na usiku silali vizuri.

Kuna kampuni ya kuuza nyumba na viwanja hapa mjini. Sitaitaja. Imechapisha kalenda ya ukutani, karatasi nzito ya kung'aa, mlima kwenye jalada. Baadhi ya miezi ina picha ya mtu mkubwa na chini yake maneno "Mzaliwa wa Shanty Town". Mwezi wa pili Reginald Mengi, yule mfanyabiashara. Wa nne Cleopa Msuya. Wa sita Thomas Marealle. Wa saba Augustine Mrema. Wa tisa Edwin Mtei. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, wameandika "Mshauri wa historia", halafu jina langu na la marehemu baba yangu.

Kati ya hao watano hakuna aliyezaliwa Shanty Town. Hata mmoja!

Kwa wasioijua Moshi, jina lisiwadanganye. Shanty Town si mtaa wa vibanda. Ndiko kwenye nyumba kubwa, bustani, jakaranda, Lema Road, shule ya kimataifa. Mwenye pesa Moshi hujenga huko au hutamani kujenga huko. Sina ugomvi na mtaa wenyewe. Nimezalisha akina mama wengi wa Shanty Town na ni watu wema.

Ilivyoanza ni hivi. Kijana wa kampuni hiyo alikuja nyumbani mwaka jana, akanisalimia kwa adabu, akaniambia, "Shikamoo mama, tumeambiwa wewe unajua historia ya uzazi wa mji huu kuliko mtu yeyote." Akaniachia orodha, akaomba niihakiki. Nilifurahi. Miaka 31 nimejaza matangazo ya vizazi. Kwenye tangazo la kizazi kuna mahali mtoto alikozaliwa na kuna makazi ya mama, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nimeshawagombeza wanafunzi wa ukunga wasiohesabika kwa kuvichanganya, kwa sababu mtoto ataishi na karatasi ile mpaka anaingia kaburini.

Nilipoisoma orodha nikaona imeharibika kuanzia juu mpaka chini. Sikutaka kusahihisha kwa kukisia, nikasafiri. Nauli yangu mwenyewe, mafao yangu mwenyewe. Nilipanda Machame, nikaenda Marangu, nikaenda Kiraracha, nikateremka mpaka Mwanga na kupanda tena Usangi kwa gari lililojaa mpaka mlangoni. Wiki mbili. Nikarudisha orodha ikiwa imejaa kalamu nyekundu.

Niliandika hivi, na naandika tena hapa ili yeyote aione:

Mengi ni wa Nkuu, Machame. Mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba alikulia kwenye nyumba ya udongo, familia maskini, wakilala pamoja na mifugo. Alifariki Dubai Mei 2019 na akarudishwa kuzikwa hukohuko Machame. Mtu anayejivunia nyumba ya udongo unamwekea ghorofa la Shanty Town nyuma ya picha yake, unakuwa umemfanyia nini?

Mzee Msuya alizaliwa Chomvu, Usangi, Januari 1931. Waziri Mkuu mara mbili, 1980 mpaka 1983 na 1994 mpaka 1995. Ni Mpare! Na alipofariki mwaka 2025 alizikwa kwao Usangi.

Marealle alizaliwa Marangu mwaka 1915, akasimikwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952. Ukoo wa Marealle wa Marangu unajulikana tangu Wajerumani hawajajenga boma, na bado mtu anaandika mtaa wa mjini.

Mrema ni wa Kiraracha, Vunjo, amezaliwa mwisho kabisa wa mwaka 1944. Mwaka 1995 aligombea urais na nchi nzima ilijua anatoka Kiraracha. Mtei ni wa Marangu, 1932, ndiye Gavana wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966 na mwasisi wa CHADEMA.

Nilipompa meneja karatasi yangu akaniambia wao wamefuata hospitali. Kwamba KCMC iko jirani na Shanty Town, kwa hiyo aliyezaliwa KCMC "ni kama" wa Shanty Town. Jamani. KCMC imefunguliwa mwaka 1971! Msuya wakati huo alikuwa na miaka 40. Marealle 56. Walizaliwa tena?

Tena tuseme ingekuwepo. KCMC ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Mama anatoka Rombo uchungu umemshika tangu jana, anatoka Same, anatoka Simanjiro, anafikishwa usiku, anajifungua kwa kisu, siku ya tano anarudi kwao na mtoto. Huyo mtoto utasema ni wa mtaa ule kwa sababu gari la wagonjwa lilipita Lema Road?

Na kuna jambo la historia ambalo kijana wa kizazi hiki huenda halijui, lakini anayechapisha kalenda ya historia hana ruhusa ya kutolijua. Mwaka 1915, mwaka 1931, mwaka 1944, miji ya Tanganyika ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Kulikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini. Mwafrika uzunguni alikuwa mpishi, yaya au mkata majani, na jioni anarudi kwake. Kwa hiyo ukiandika kwamba mtoto wa Kichagga au wa Kipare wa miaka ile alizaliwa kwenye mtaa wa wakubwa, unafuta hata ubaguzi wenyewe, unaonekana kama haukuwepo. Bibi zetu walijifungulia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mkunga wa jadi na maji ya moto, kitovu kikazikwa chini ya mgomba. Hapo ndipo alipozaliwa mtu.

Meneja hakuchoka. Akafungua simu akanionyesha orodha ya watu maarufu waliozaliwa Neuilly-sur-Seine, Ufaransa, mji mdogo wa matajiri uliopakana na Paris upande wa magharibi. Akasema, "Mama, hata wenzetu wanafanya, na sisi tunataka Shanty Town iwe Neuilly ya Moshi." Sikumjibu siku ile kwa sababu sikuijua hiyo Neuilly. Nilirudi nyumbani nikamkalisha mwanangu wa mwisho, tukasoma wote mpaka saa sita usiku.

Nilichokiona ni kwamba wenzetu hawafanyi anachofanya yeye. Neuilly ina Hospitali ya Wamarekani, ilianzishwa mwaka 1906, na ni mji ambao watu wenye uwezo wamekwenda kujifungulia miaka na miaka. Ndiyo maana orodha yao ni ndefu. Jean-Paul Belmondo, mwigizaji, alizaliwa pale mwaka 1933. Sadruddin Aga Khan, ambaye Waismailia wa Moshi na Arusha wanamfahamu vizuri na aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, naye kazaliwa pale mwaka huohuo wa 1933. Marine Le Pen, mwanasiasa, 1968. Hao wamo kwa sababu kweli walitoka tumboni wakiwa pale.

Sasa msikilize huyu. Nicolas Sarkozy alikuwa meya wa Neuilly kuanzia 1983 mpaka 2002. Miaka 19! Akawa Rais wa Ufaransa mwaka 2007. Ukimtaja Neuilly inakuja kichwani yenyewe. Lakini amezaliwa Paris, 1955, na mahali pake pa kuzaliwa wanaandika Paris. Hakuna anayemhamisha kwa sababu mtaa ni mzuri au kwa sababu alikaa sana.

Freddie Mercury, mwimbaji, aliishi na kufia Kensington, London, mtaa wa matajiri kwelikweli, mwaka 1991. Mahali pa kuzaliwa wanaandika nini? Zanzibar, 1946. Waingereza wangeweza kumbeba moja kwa moja na hawakumbeba. Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe hakuzaliwa ikulu ya Buckingham, alizaliwa kwenye nyumba namba 17 Bruton Street, Mayfair, Aprili 1926, na ndivyo inavyoandikwa mpaka leo, mtaa na namba ya nyumba. Hiyo ndiyo heshima ya mahali pa kuzaliwa.

Nilimrudia meneja na hayo yote nimeyaandika kwenye daftari. Alinisikiliza, akaitikia "sawa mama, tumekuelewa mama, tutarekebisha". Akanipa soda. Miezi miwili baadaye kalenda zimetoka, orodha ni ileile ya kwanza, herufi kwa herufi. Hakuna sahihisho hata moja lililoingia isipokuwa jina langu.

Nilipompigia aliniambia kitu ambacho sitakisahau: "Mama, mteja wa kiwanja hawezi kuvutiwa na Usangi wala Kiraracha."

Hicho ndicho kinachoniuma. Kumbe vijiji vyote vile ni aibu ya kufichwa. Kahawa ya vihamba ndiyo iliyolipa ada za shule, wazee walianzisha KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, wamesomesha kutoka kwenye udongo, halafu watoto waliotoka huko wakishakuwa wakubwa wanapewa kuzaliwa upya kwenye nyumba yenye uzio ili bei ya kiwanja ipande. Na mtoto wa Pasua au Majengo anayeiona kalenda ukutani kwa kinyozi anajifunza kwamba wakubwa walizaliwa ng'ambo ile, na yeye kazaliwa upande mbaya wa mji. Wachagga wenyewe Desemba ikifika wanapanda mlimani. Hakuna anayesema "naenda nyumbani" akaishia Shanty Town.

Wiki iliyopita kuna mzee wa Usangi alinipigia. Nilipokwenda kule nilikula kwake, alinitoa nje kuonyesha njia ya Chomvu kwa fimbo yake. Akasema, "Mwanangu, kalenda imefika huku. Uliandika kitu gani kile siku ile, kama si hiki nilichokuambia?" Nilishindwa kumjibu. Nilisema "nisamehe baba" mara tatu na simu ikakatika, sijui alikata yeye au ni mtandao. Kanisani Jumapili wamenitania kwamba nimezalisha mawaziri. Wengine wanaamini kweli nimelipwa.

Sijalipwa hata shilingi. Ninachodai ni hiki: waondoe kalenda madukani, wachape upya kwa mahali pa kweli au waondoe neno "mzaliwa", na watangaze hadharani kwamba masahihisho yangu hayakutumika. Kama kuna mwanasheria humu aniambie, mtu akitumia jina lako kuthibitisha uongo ulioukataa kwa maandishi, unaanzia wapi? Daftari ninalo na nakala ya orodha yenye wino mwekundu ninayo, niliitoa kivuli kabla sijaikabidhi.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Asanteni kwa majibu. Aliyeuliza kama nina wivu na watu wa Shanty Town, hapana mwanangu, rudia kusoma aya ya tatu na ya nne. Aliyesema Arusha nako wameona bango la aina hii kwenye nyumba za Njiro, likiwa na picha za Sokoine aliyekuwa Waziri Mkuu na Filbert Bayi mwanariadha, tafadhali piga picha uniwekee hapa. Sokoine ni wa Monduli na Bayi ni wa Karatu, kila anayejua kusoma anaweza kuthibitisha. Na wewe uliyesema una kalenda tano dukani kwako karibu na stendi, usizitupe. Kesho saa 3 asubuhi ninakuja na kalamu nyekundu, nitaandika Nkuu, Chomvu, Marangu, Kiraracha na Marangu tena, kwenye kila nakala, na jina langu nitalikata.