Re: Nafasi za masomo ya kiangazi Ulaya kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kutoka: Mzazi, Wete

Assalaam alaykum ndugu zetu mlioko nje. Nina vijana wawili: wa kike yumo Kidato cha Tatu, na wa kiume anatarajia kufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi wa Mei. Kuna wakala anayesajili vijana kwa kozi ya wiki tatu huko Uingereza, na anatuhakikishia wazazi kwamba kijana akishafika atabadilishiwa visa na kuendelea moja kwa moja na shahada. Ada ya usajili ni kubwa na hairejeshwi. Kabla sijazigusa fedha za karafuu, naomba mnieleze kama jambo hilo lipo, na kama halipo, nielekee wapi.

Kutoka: Milton Keynes, Uingereza

Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, fedha za karafuu ziache zilipo. Mwanafunzi anayekuja Uingereza kwa kozi ya wiki chache huingia kwa visa ya mgeni, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi 6 na kusoma katika taasisi iliyoidhinishwa, lakini haimruhusu kufanya kazi, wala hawezi kuigeuza kuwa visa ya mwanafunzi akiwa ndani ya nchi. Atakayetaka shahada itambidi arudi nyumbani na kuomba upya, akiwa na uthibitisho wa chuo kilichompokea na wa fedha za kujikimu. Anayewaambia wazazi kinyume cha hayo ama hajui anachokiuza, ama anakijua vizuri sana.

Sisemi kwamba kozi za kiangazi ni za uongo. London School of Economics imekuwa ikiendesha masomo ya kiangazi tangu mwaka 1989, na vyuo vingine vingi hufanya hivyo, kwa sababu madarasa na mabweni yao huwa matupu kuanzia Juni hadi Agosti na ada za wageni huwaingizia kipato. Swali ni nani anayelipa. Kwa kijana aliye chuo kikuu tayari na amepata mfadhili, wiki tatu hizo zina faida. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita juzi, huku mzazi ndiye anayebeba ada, nauli na malazi, mimi naiona ni anasa, maana cheti atakachorudi nacho hakitamwingiza chuoni peke yake.

Kinachotuponza ni kalenda. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vya nyumbani hufungua karibu na Oktoba au Novemba, kwa hiyo mzazi humwona kijana yuko nyumbani wakati wa kipupwe (ikiwa hakuitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT) na hapo ndipo anapoanza kuuliza habari za nje. Wakati huo milango mingi imeshafungwa. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, kwa kawaida hupokea maombi kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari, na kijana wako anaweza kuomba akiwa bado yumo darasani, mradi awe anamaliza skuli mwaka huo huo. Kwa shahada ya kwanza, mwombaji awe hajatimiza miaka 21 na awe na wastani usiopungua asilimia 70, isipokuwa udaktari wa tiba, ambao hutakiwa asilimia 90. Wanaopokelewa hulipiwa ada, bweni, bima ya afya, tiketi ya kwenda na kurudi na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na hupewa posho ya kila mwezi. Kuomba ni bure. Ukilinganisha hayo na wiki tatu za wakala wako, sina haja ya kukupigia hesabu.

Kwa binti yako, ambaye bado ana muda, ningetazama njia mbili. Yale Young African Scholars, mpango wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, huwakusanya wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 14 hadi 18 hapa hapa barani Afrika, bila ya kutoza masomo, malazi wala chakula, ingawa nauli humhusu mzazi isipokuwa kwa wachache wanaosaidiwa. Njia ya pili ni skuli za United World Colleges, zilizoanzia Wales mwaka 1962 na ambazo mojawapo iko Moshi na Arusha. Huwachukua vijana wa umri unaokaribia miaka 16 hadi 18 kwa miaka miwili, na wengi husaidiwa kulingana na uwezo wa familia.

Ikiwa kuna jamaa huku aliye tayari kugharamia ziara ya kiangazi, basi aandike barua ya mwaliko, aambatanishe taarifa za benki za miezi kadhaa pamoja na uthibitisho wa makaazi yake. Fedha zilizoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi huzusha maswali, na ofisa akitilia shaka kwamba kijana atarudi, atakataa. Barua ya skuli inayoonesha kwamba masomo yanamngoja husaidia sana. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji pia idhini ya mzazi kwa maandishi. Maombi hupokelewa hadi miezi mitatu kabla ya safari na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu, lakini kumbuka kwamba alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, kwa hiyo gharama ya boti na malazi iingie katika hesabu. Na kijana aambiwe mapema kwamba mwezi wa Juni jua la London hutua baada ya saa tatu usiku. Atakayesali Isha kwa wakati wake asitarajie kulala mapema.

Kutoka: Hamburg

Naongezea ya Ujerumani, kwa sababu wakala kama huyo hupita na huku. Visa ya Schengen (inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, huhitaji bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na haigeuzwi kuwa ya masomo. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kizuizi chenyewe ni akaunti maalumu ya kujikimu, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa kuwa na euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi hupewa kidogo kidogo kila mwezi. Kijana asiyekuwa na ufadhili wala ndugu wa kumwekea kiasi hicho, kwa Ujerumani bado.

Pasipoti ya kijana iombwe sasa, wala isingojewe matokeo, na majina yake yalingane herufi kwa herufi katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na pasipoti yenyewe. Kisha tuandikie tahasusi anayosoma, ili tujue ni fani gani za kumtafutia kabla ya Januari.