Wakuu, tununue wenyewe kiwanja cha zahanati? Mtaa umejaa na hakuna eneo hata la kuchezea watoto

NyumaYaMadale

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, ila utani kidogo tu jamani maana nimeshachoka.

Nimehamia huku nyuma ya Madale, Dar es Salaam, 2014, tulikuwa nyumba kama kumi na moja, njia yenyewe ilikuwa ya ng'ombe. Juzi nimepanda juu ya bati kurekebisha antena, naangalia kila upande ni mabati tu, mekundu, ya bluu, ya kijani, mpaka kule bondeni ambako tuliambiwa hakujengeki. Bar nimehesabu saba. Makanisa manne, msikiti mmoja, hadiwea ndo usiseme. Zahanati hamna. Shule ya msingi ya serikali iliyo karibu mtoto anatembea karibu saa nzima na akifika wanasoma kwa zamu, wangu wa la tatu anaingia mchana anarudi giza limeshaingia. Soko ni meza za kina mama pembeni ya barabara, mvua ikija wanafunika nyanya kwa turubai. Kiwanja cha mpira tulikuwa nacho, kumbe ni cha mtu, mwaka jana kaja na lori la tofali wala hakuna wa kumlaumu, ni mali yake.

Kilichonifanya niandike ni jirani yetu mmoja aliyeshikwa uchungu mwezi wa nne, usiku, mvua inamwagika, bajaji ikanasa kwenye korongo akajifungulia palepale tunamulika na tochi za simu. Mama mzima mtoto mzima, tunamshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo kwenye grupu la mtaa mada ni hiyo hiyo.

Sasa kuna viwanja viwili vimepakana, kila kimoja hatua 20 kwa 20, mwenyewe yuko Mwanza anataka milioni 28 kwa vyote. Kaya zilizopo kwenye grupu ni 140, ukigawa ni laki mbili mbili. Nusu wanasema tutoe tununue tujenge zahanati yetu, nusu wanasema hiyo ni kazi ya serikali. Mwenyekiti anasema hela zipitie ofisini kwake. Nyie mnaonaje?

Hatua20x20

Laki mbili mbona ni kreti chache tu kwenye hizo bar saba 😂

Haya niache utani. Mimi nimekuwa dalali ukanda huo miaka mingi kwa hiyo sehemu ya lawama naibeba. Ekari moja ukiikata inatoa viwanja vinane mpaka tisa ukibana njia, ukiacha njia ya gari mbili kupishana unapoteza kimoja. Mwenye shamba anataka hela ya ada, mimi nataka changu, ofisi ya mtaa nayo enzi zile ilikuwa inasubiri asilimia kumi yake ya kugonga muhuri, sasa hapo nani angesema tuache cha zahanati? Na wateja msijitoe. Sijawahi kupeleka mtu saiti akaniuliza shule iko wapi. Swali ni nguzo ya umeme iko umbali gani, na maji ya mvua yanapita wapi. Basi.

kijana wa kupanga

Mimi sichangi hata mia na siombi radhi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na Luku kwangu nanunua mimi, mwenye nyumba wangu anakaa Sinza hajui hata uniti zinauzwaje. Yaani nalipia kodi ya nyumba isiyo yangu halafu nije ninunue na kiwanja cha zahanati, mkataba ukiisha mwezi wa sita naondoka nakiacha. Waambieni wenye nyumba watoe.

NyumaYaMadale

@kijana wa kupanga hilo la wapangaji hata hatukulifikiria, kwenye zile kaya 140 wapangaji wanaweza kuwa karibu nusu. Asante, ingawa umenivuruga hesabu.

Fundi Lenta

Dada subiri kwanza. Nisimulie kitu nilichokijenga kwa mikono yangu, sehemu sitaitaja.

Ilikuwa mtaa kama huo wako. Wakachanga, wakanunua kiwanja, hati ya mauziano ikaandikwa jina la mwenyekiti wa wakati huo kwa niaba ya wananchi, hivyohivyo ilivyoandikwa. Tukamwaga msingi, tukapandisha ukuta mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mpango ukiwa ule tunaoujua wote, wananchi tunasimamisha boma halafu halmashauri inakuja kupaua na kumalizia. Ukafika uchaguzi wa serikali za mitaa, mwenyekiti akaangushwa. Mpya akadai daftari la michango, mzee akasema daftari liliungua. Baadaye mzee akafariki, watoto wake wakaona kwenye makaratasi baba ana kiwanja. Wana haki? Karatasi inasema wana haki! Boma liko pale, mipapai imeota ndani, mimi mwenyewe nadai laki tatu na nusu ya ufundi mpaka kesho.

Kwa hiyo swali langu siyo mchange au msichange, ni hicho kiwanja kitakuwa na jina la nani?

sista_wa_zamu

Naomba niongee kama muuguzi niliyefanya kazi zahanati mbili za pembezoni.

Jengo siyo zahanati. Ili ifunguliwe inatakiwa isajiliwe, na wakija kukagua hawaangalii rangi ya ukuta. Kuna maji ya uhakika? Choo cha wagonjwa kimetenganishwa na cha watumishi? Kichomea taka kipo? Shimo la kondo la nyuma lipo? Hapo ndo watu wanashangaaga, wanajenga chumba cha kujifungulia kizuri wakisahau kwamba kuna vitu vinatakiwa vitupwe mahali salama. Halafu nyumba ya mtumishi. Nilikaa kituo kisicho na nyumba, nilikuwa napanga chumba umbali wa boda mbili, mama akija saa nane usiku anagonga mlango wa mlinzi, mlinzi ananipigia simu, mpaka nifike na yeye kashamaliza.

Na hayo yote hayaingii kwenye hatua 20 kwa 40 ukibaki na nafasi ya foleni ya kliniki ya watoto. Njoo siku ya chanjo uone, akina mama wanajaa mpaka barabarani. Watumishi nao wanaletwa na halmashauri, kama haikushirikishwa toka mwanzo mtakuwa na jengo na kufuli.

Ila nakuelewa sana dada yangu, huyo mama wa kwenye korongo naye nimemuona mara nyingi, tofauti wengine hawakuwa na bahati yake.

Mpima Mstaafu

Nimesoma yote. Nitajibu kirefu, mnivumilie, mzee hana kazi nyingine.

Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 70 kwa mradi wa viwanja wenye mkopo wa Benki ya Dunia, kwanza ramani, halafu watu. Miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, ndo huo uliozaa Mivumoni hapo jirani zenu, Bunju, Tuangoma, Kibada na kwingine. Kule kwenye mchoro kuna viwanja vimeandikwa shule, vimeandikwa zahanati, vimeandikwa eneo la wazi. Wapo waliovivamia baadaye, hiyo ni kesi nyingine, lakini vilikuwepo vya kuvamia! Nyie hamkuwa na mchoro. Jiji limetoka watu kama milioni 4.4 sensa ya 2012 mpaka kama milioni 5.4 ya 2022, na wengi wamekwenda sehemu kama kwenu kununua mashamba kwa hatua. Ikija timu ya urasimishaji, ya kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, inachora kilichopo, nyumba iko hapa, nyumba iko pale, tunabembeleza watu watoe mita mbili za barabara. Huduma za jamii tunaandika pale palipobaki, na mara nyingi hapajabaki.

La jina. Kijiji, halmashauri yake ni chombo kinachotambulika kisheria na kinaweza kumiliki ardhi. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Kwa hiyo msiandike jina la mwenyekiti, wala kamati, wala "wananchi wa mtaa fulani". Andikeni halmashauri ya manispaa, mkabidhi kwa barua, muhtasari wa mkutano uambatanishwe na mahudhurio yenye saini, nakala abaki nayo diwani na watu wengine wawili watatu wa kuaminika. Na kabla ya kutoa shilingi muiteni mganga mkuu wa manispaa na afisa mipango miji waje wasimame kwenye eneo kwa miguu yao.

La ukubwa. Viwanja viwili vya hatua 20 ni kama mita za mraba 800, tena inategemea miguu ya aliyepima, wauzaji wengine wana hatua fupi makusudi. Ni finyu. Panafaa ofisi ya mtaa na kituo kidogo cha polisi, au shule ya awali. Milioni 28 kwa hilo mimi nisingetoa.

Ninachotaka nikuulize, huko kwenu hamna mtu ambaye bado ana shamba zima? Mikorosho, miembe, ekari mbili tatu ambazo hajakata? Huyo ndiye wa kumkimbilia, tena leo. Tumewahi kufanya hivi mahali pengine, wananchi wanamlipia mwenye shamba gharama zote za kupima shamba lake, viwanja vyake vinapata namba na thamani yake inapanda, naye anaachia kipande cha huduma au anawauzia kwa bei ya shamba na siyo ya kiwanja. Hela zenu zile zile zinanunua eneo kubwa zaidi.

Hatua20x20

Mzee kasema kweli tupu na nimeumia kama dalali 😂 Ila fanyeni haraka, mwenye shamba akishapigwa simu na mtu kama mimi mara tatu hiyo habari imekwisha.

kijana wa kupanga

Hapo kwenye kupima shamba naweza kutoa elfu ishirini. Msizidishe.

NyumaYaMadale

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. @Mpima Mstaafu shikamoo baba, ulichouliza kimenikosesha usingizi maana yupo. Kuna babu juu kule mwisho wa barabara, mikorosho yake ndo kivuli pekee kilichobaki, watoto wetu wanaenda kuokota mabibo anawafukuza kwa fimbo. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kumfikiria zaidi ya kumlalamikia.

Jana jioni nimeenda mimi na mama mmoja wa grupu, tumebeba kilo mbili za sukari. Katukalisha mpaka magharibi anatuambia alifika hapo lini na nani alikuwa mpakani mwake, wote wameshauza wamekufa au wamehama. Tukamueleza la zahanati. Akanyamaza, halafu akasema yule binti wa kwenye korongo anamjua, mama yake alikuwa anamuuzia maziwa. Hakukubali, hakukataa. Amesema twende Jumapili baada ya adhuhuri na wazee, siyo vijana wenye simu.

Tatizo wakati tunatoka nimeona vigingi vipya vimechomekwa upande wa chini, vimepakwa rangi nyekundu. Nimemuuliza akasema ni kijana wake wa mwisho, anakuja siku hizi na watu kupima pima.

Fundi Lenta

Jumapili mbali. Rudi kesho na mzee mmoja wa mtaa, na huyo kijana mumuombe awepo kwenye kikao.