Naomba ushauri: soriasisi ya kichwani kwa mama mjamzito mwenye nywele za kusuka

Wakuu, habari zenu. Nauliza kuhusu dawa za soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba) zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Ninachofahamu ni kwamba magamba mazito hulainishwa kwanza, la sivyo dawa haifiki kwenye ngozi. Kwa kawaida hupakwa mafuta yenye asidi ya salisiliki asilimia 3, kwenye magamba tu, saa chache kabla ya kuosha. Kisha shampuu ya lami ya makaa ya mawe, povu likae dakika 5 hadi 10. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasuuza papo hapo, halafu wanasema shampuu haifanyi kazi. Wengine hubandua magamba kwa kucha, na ngozi ikichubuka soriasisi huweza kuota palepale.

Sasa kwa mjamzito, salisiliki kwenye eneo kubwa haishauriwi kwa kuwa hupenya hadi kwenye damu, na lami nayo nasita. Je, krimu ya yuria (kiungo cha kulainisha ngozi) asilimia 10 au mafuta ya mgando matupu yanatosha kulainisha magamba? Na kwa nywele zilizosukwa, mnapakaje kwenye mistari bila kufumua kila wiki?

Tafadhali msinielekeze kwenye krimu za mchanganyiko zenye klobetasoli, ile steroidi kali. Zinasafisha haraka mno, lakini zikiachwa ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo, na zikitumika muda mrefu ngozi hubaki nyembamba.

Kiliniki ya ngozi ataenda. Nataka ajue cha kupaka kwa sasa.